MANENO NA MAANA YAKE: Ng'ombe Aliyejificha Ndani ya Neno "Chattel"

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa upande wa Ndhiwa, Homa Bay, ameleta swali ambalo naona lastahili kujibiwa kwa kirefu. Asema kwamba alitaka mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa na pampu ya maji, akapewa karatasi ya Kiingereza ili aitie sahihi, na ndani yake aliona neno "chattels" limeandikwa mara saba. Akalitafuta katika kamusi ndogo ya mwanawe, asilione. Akamwuliza kijana aliyeileta karatasi, naye akajibu, "Ni vitu vyako tu, Mzee." Mzee huyo akaikunja karatasi, akarudi nyumbani bila kutia sahihi. Sasa auliza: neno hili ni nini, na ni vitu gani hasa vilivyomo ndani yake?

Kwanza nampa pongezi kwa kutokuwa na haraka ya kalamu. Mtu akiuliza njia hapotei, na mtu akiuliza neno hapotezi ng'ombe. Pili, nataka kumjibu pamoja na wasomaji wengine wa Homa Bay na Migori, wakulima kwa makarani, kwa maana neno hili lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo mna mambo yatugusayo sisi moja kwa moja.

ASILI YA NENO

Neno "chattel" halisikiki sana hata vinywani mwa Waingereza wenyewe. Mwingereza atokaye sokoni hasemi kwamba amenunua "chattels". Husema amenunua vitu. Neno hili limebaki katika sheria, katika wosia, katika hati za mikopo na katika vitabu vya mahakimu. Lakini zamani halikuwa hivyo.

Tuanze na Kilatini, lugha ya Warumi. Katika lugha hiyo kichwa huitwa "caput". Katika neno hilo likatoka jingine, "capitale", yaani mali iliyo kichwa, mali ya msingi. Wafaransa walilipokea neno hilo wakalifupisha. Watu wa Normandy, kaskazini ya Ufaransa, walisema "catel". Watu wa Paris na pande zake walisema "chatel". Mwaka 1066 Wanormandy walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu wakuu wa nchi na mahakimu wakawa wasemaji wa Kifaransa, hali wakulima wakisema Kiingereza chao. Kwa njia hiyo matamshi yote mawili yakaingia katika lugha ya Kiingereza. La kwanza likawa "cattle", la pili likawa "chattel". Baadaye wenye biashara wakalipokea pia lile la Kilatini lenyewe, wakapata "capital", ambalo maana yake ni rasilimali.

Basi twaona ndugu watatu wa tumbo moja: ng'ombe, rasilimali, na kitu kinachohamishika. Hapo kale neno "cattle" halikuwa la ng'ombe peke yao. Lilikuwa mali yote ya mtu iwezayo kuondolewa hapa ikapelekwa pale: nafaka ghalani, vyombo, nguo, fedha, kondoo na ng'ombe. Lakini kwa kuwa mali kubwa ya mkulima ilikuwa mifugo, neno likazidi kuwaelekea wanyama, hata ilipofika karne ya 16 na ya 17 likawa ni la wanyama tu. Mali nyingine zote zikaachiwa lile neno la wanasheria, "chattel".

KICHWA CHA MALI

Asije mtu akadhani kwamba kuhesabu mali kwa ng'ombe ni desturi ya Waafrika peke yao. Warumi waliziita fedha "pecunia", na neno hilo latokana na "pecus", yaani mifugo. Waingereza wa kale, kabla ya kuja kwa Wanormandy, walikuwa na neno "feoh", na maana yake ilikuwa mifugo na fedha pia. Waarabu wa jangwani walipotaja "mal" aghalabu walikuwa wakitaja ngamia zao, na kutoka kwao sisi tumepata neno "mali".

Tena litazameni neno letu la Kiswahili "rasilimali". Nalo limetoka katika Kiarabu: "ras" ni kichwa, kama vile tusemavyo rasi kwa nchi iliyochomoza ziwani au baharini, na "mal" ni mali. Rasilimali ni kichwa cha mali. Mrumi alisema kichwa, na Mwarabu alisema kichwa, kila mmoja kwa lugha yake. Mkulima wa Karachuonyo au wa Kanyamkago anayehesabu utajiri wa mtu kwa kutazama zizi lake hakuachwa nyuma na ulimwengu. Asimama mahali pale pale waliposimama Warumi na Waingereza wa kale. Katika Dholuo mali yote huitwa "mwandu", na mwenye mali ni "jamwandu". Lakini mtu akilisema neno hilo mbele ya wazee, kitu cha kwanza kiwajiacho moyoni ni "dhok", yaani ng'ombe.

Twajua pia jinsi mali hiyo iwezavyo kupotea. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe katika Afrika ya Mashariki yote, na matajiri wengi wakawa maskini katika msimu mmoja. Mwaka 1905 na mwaka 1908 majeshi ya serikali ya Kiingereza yaliwapiga jirani zetu Wagusii, yakaondoka na ng'ombe kwa maelfu. Serikali ilijua vema kwamba kumchukulia mtu ng'ombe ni kumchukulia nguvu zake zote.

ARDHI NA VITU VINAVYOHAMA

Sasa tuingie katika maana ya sheria. Sheria ya kale ya Uingereza iligawa mali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi na vilivyoshikamana nayo. Fungu la pili ni "chattels", yaani vitu vinavyohamishika.

Kwa nini wakayagawa hivyo? Sababu yake yafaa ishikwe vizuri, maana ndiyo moyo wa jambo hili. Mtu akinyang'anywa ardhi, hakimu aliweza kuamuru arudishiwe ardhi ile ile, kwa maana hakuna ardhi nyingine iliyo sawa nayo. Lakini mtu akinyang'anywa ng'ombe au jembe, yule aliyemchukulia aliruhusiwa kulipa thamani yake, na shauri likaisha. Kwa maneno mengine, "chattel" ni kitu ambacho sheria yaona kwamba bei yake yaweza kusimama mahali pake.

Tofauti hii ilifuata watu hata kaburini. Mwingereza alipokufa bila wosia, ardhi yake ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwisho wa mwaka 1925. Lakini vitu vyake vinavyohamishika viligawanywa kwa njia nyingine, kwa mke na kwa watoto wote. Ndiyo sababu wosia wa zamani huyataja mafungu hayo mbalimbali, ili pasiwe na ugomvi.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba Waingereza wenyewe waliteswa na lugha ya mahakama yao. Mashauri yaliendeshwa kwa Kifaransa ambacho mkulima hakukifahamu, hata mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakihukumiwa bila kuelewa lililosemwa. Basi Mzee wa Ndhiwa asione haya kuuliza. Na kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Kumwomba mtu akusomee na kukueleza karatasi kwa Kiswahili si ujinga.

WATU WALIOHESABIWA KUWA VITU

Historia ya neno hili ina ukurasa mweusi, nao haufai kurukwa. Mwaka 1740 wakuu wa South Carolina, katika Marekani ya leo, walitunga sheria iliyosema kwamba watumwa Waafrika na watoto wao watahesabiwa kuwa "chattels" za bwana wao. Mtu akafanywa kitu ambacho bei yake yaweza kusimama mahali pake. Aliweza kuwekwa rehani, kurithiwa, au kuuzwa mnadani ili kulipa deni la bwana wake, na mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa alihesabiwa kama ndama anavyohesabiwa kwa mwenye ng'ombe. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa msemaji mashuhuri wa kuupinga, alinunuliwa uhuru wake mwaka 1846 na rafiki zake wa Uingereza kwa pauni 150. Utumwa huo ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Katika pwani yetu ya Kenya, sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1907.

Wanawake wa Uingereza nao walikuwa na mashaka yao. Kwa sheria ya kale, mwanamke alipoolewa vitu vyake vinavyohamishika vilikuwa mali ya mumewe, hata fedha zake na vyombo vyake. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki kamili ya kuwa na mali yake mwenyewe. Sheria hiyo ya Uingereza ilitumika hata Kenya, mpaka Bunge letu lilipotunga sheria yake la mali ya mume na mke mwaka 2013.

Nayataja haya kwa sababu bado tunasikia ndugu wa marehemu wakiingia nyumbani kwa mjane, wakahesabu ng'ombe, wakachukua baiskeli, redio, vitanda na hata masufuria, na kumsema mjane mwenyewe kana kwamba yumo katika hesabu hiyo. Mtu si "chattel". Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema kwamba marehemu akiacha mke au mume na watoto bila wosia, vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi ya marehemu ni vya mjane kabisa, na mali iliyobaki mjane aitumie maisha yake, kwa masharti, kabla ya kuwaendea watoto. Tena kushika mali ya marehemu pasipo idhini ya sheria ni kosa liwezalo kumpeleka mtu mbele ya hakimu. Sheria hiyo ilipoanza, wilaya kadha wa kadha za wafugaji, kama Kajiado, Narok na Turkana, ziliachwa zifuate mila zao katika kurithi mifugo na mashamba. South Nyanza haikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo asemaye kwamba ng'ombe wa Homa Bay au wa Migori hawaguswi na sheria hiyo, huyo asema asilolijua.

NENO LILIPOFIKA KENYA

Mwaka 1930 serikali ya Koloni la Kenya ilitunga sheria ya kuhamisha "chattels". Kwa sheria hiyo mtu aliweza kukopa fedha kwa kuweka rehani vitu vyake, navyo vikabaki mikononi mwake akavitumia, ila hati ikaandikishwa serikalini ili watu wote wajue. Sheria ile ilitaja mashine, mifugo na uzao wa mifugo, na mazao ya shambani. Liangalieni sana neno hilo la uzao. Aliyeweka rehani mitamba kumi aliweza kukuta kwamba na ndama zao wamo katika hati.

Wakati ule sheria hiyo ilikuwa hasa ya masetla na wenye maduka makubwa. Mwafrika wa South Kavirondo, kama wilaya yetu ilivyoitwa kabla ya kuitwa South Nyanza, alikuwa amefungwa na sheria nyingine zilizozuia asikopeshwe fedha nyingi. Serikali ilisema kwamba yamkinga asiingie katika madeni. Wafanyabiashara Waafrika walisema kwamba yawazuia wasiendelee. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na neno, lakini aliyekingwa hakuulizwa kama ataka kukingwa.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Sheria ya mwaka 1968 ya kupima mashamba na kuamua wenyewe ilifika kwetu, watu wakapata hati za ardhi, na hati hizo zikaanza kupelekwa benki. Wengine walijenga, wengine walisomesha, na wengine waliona shamba lenye makaburi ya baba zao likipigwa mnada. Lakini wengi hawakuwa na hati ya ardhi ya kuweka: vijana ambao baba zao wangali hai, wanawake ambao majina yao hayamo katika hati, na wavuvi ambao mali yao yote ni mashua na nyavu.

Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria mpya ya dhamana ya mali inayohamishika, ikaifuta ile ya mwaka 1930. Sasa ng'ombe, mashua na injini yake, nyavu, pikipiki, mashine ya kusaga na mazao vyaweza kuwekwa dhamana, na mkopeshaji huandikisha habari hiyo katika daftari la serikali lililo katika mtandao wa kompyuta. Mkopeshaji mwingine aweza kulitazama daftari hilo aone kama ng'ombe hao wamekwisha kufungwa kwa deni jingine. Kwa mvuvi wa Mbita, Sori au Muhuru, na kwa mama mwenye cherehani sokoni Oyugis au Awendo, huu ni mlango ambao haukuwapo. Lakini mlango huo huo waingizao fedha ndio uwezao kutoa ng'ombe.

NG'OMBE NI WA NANI?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Karatasi husema, "Mkopaji akiri kwamba vitu hivi ni vyake, wala hakuna mtu mwingine mwenye haki juu yake." Ni maneno machache, na kwa pampu ya maji hayana taabu. Pampu ulinunua dukani, risiti unayo. Ikichukuliwa utaumia, lakini bei yake yaweza kusimama mahali pake.

Je, ng'ombe wa zizini? Kwa desturi ya Wajaluo kila nyumba ya mke ina ng'ombe zake. Ng'ombe walioletwa kwa mahari ya binti hutazamiwa kumwoza kaka yake wa tumbo moja. Baba aweza kuwa ndiye mwenye boma, lakini akiwatoa ng'ombe hao kwa deni lake mwenyewe, amemnyang'anya mwanawe mke, na amefungua ugomvi kati ya nyumba na nyumba utakaodumu kuliko deni lenyewe. Ng'ombe yule katika karatasi ni "chattel". Nyumbani ni neno la binti, ni tumaini la kijana, na ni haki ya mama yao.

Tena kuna ng'ombe wa amana. Tangu zamani, kwa Wajaluo na kwa Wakuria pia, mtu hakuweka ng'ombe wote katika zizi moja. Aliwapeleka wengine kwa rafiki au shemeji wa mbali, ili ugonjwa ukija au wezi wakija asipotewe na wote. Mtunzaji hunywa maziwa, hupata samadi, na pengine hupewa ndama kwa kazi yake, lakini ng'ombe si wake. Apitaye njiani huona ng'ombe kumi na wawili na kusema, "Huyu ni tajiri." Mwenyewe ajua kwamba watano si wake. Akitia sahihi kwa wote kumi na wawili, ameweka rehani mali ya mtu.

Kuna neno la kale la wanasheria lisemalo kwamba hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho. Ni neno la haki, na mzee yeyote wa baraza angelikubali. Lakini halijitendi lenyewe. Dalali akifika na lori asubuhi, hawezi kujua kwa kuwatazama ng'ombe ni yupi wa mwenye deni na ni yupi wa shemeji. Iwapo amri ni ya mahakama, mwenye ng'ombe aweza kupeleka pingamizi kwa hakimu na kueleza haki yake. Akichelewa mpaka ng'ombe wauzwe, atakuwa anakimbiza vumbi.

YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Sisemi kwamba watu wasikope. Mkulima wa miwa au wa mahindi asiye na fedha za mbolea hana faida ya kujisifu kwamba hadaiwi. Nasema tu kwamba neno "chattels" likionekana katika karatasi, mtu asikubali lipite kama nzi. Na aulize maswali haya:

Kwanza, je, vitu vimeandikwa kimoja kimoja? Karatasi ikisema "ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe fupi, na pampu moja," mtu ajua mpaka wa deni lake. Ikisema "chattels zote za mkopaji, alizo nazo sasa na atakazopata baadaye," basi kila kitu kimeingia, hata kile ambacho hujakinunua.

Pili, je, uzao umo? Ndama atakayezaliwa mwaka ujao ni wa nani?

Tatu, je, katika vitu vilivyoandikwa kimo cha mtu mwingine, au chenye haki ya mtu mwingine? Ng'ombe wa amana na wa mahari ya binti wasiandikwe. Na mke aulizwe kabla, si baada.

Nne, nikishindwa kulipa, nitapewa taarifa ya siku ngapi, na kwa maandishi gani? Dalali atumwaye kukamata vitu kwa kawaida hutakiwa kuviorodhesha na kumwachia mwenye deni siku saba za kulipa kabla ya kuviondoa. Ajaye bila karatasi, na asiyetaka kuorodhesha, aulizwe leseni yake mbele ya mashahidi, na chifu apewe habari.

Tano, nikimaliza kulipa, nani atafuta jina langu katika daftari, na lini? Deni lililolipwa bila kufutwa ni kama kidonda kilichopona juu tu.

Niongeze jambo moja kwa faida ya wote. Mtu akishindwa katika shauri la deni mahakamani, sheria ya Kenya haimruhusu mdai kumvua kila kitu. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, ya mkewe na ya watoto wake havikamatwi. Vyombo vya kazi ya fundi vina ulinzi wake, na mkulima naye huachiwa kiasi cha mifugo na zana kilichowekwa na sheria. Lakini kitu ulichokiweka rehani kwa sahihi yako mwenyewe kina njia yake, na usitumaini kwamba ulinzi huo utakifunika. Yale ambayo sheria imekulinda, kalamu yako yaweza kuyafungua.

Basi, Mzee wetu wa Ndhiwa, hilo ndilo jibu. "Chattel" ni mali inayohamishika, ndugu yake ng'ombe na ndugu yake rasilimali. Yule kijana hakusema uongo aliposema kwamba ni vitu vyako, ila neno lake "tu" ndilo lililopunguza. Kabla ya kutia sahihi, zunguka bomani pako, ukitazame kila kitu, ujiulize: je, bei ya hiki yaweza kusimama mahali pake? Pampu, andika. Mashine, andika. Ng'ombe uliyemnunua mnadani kwa fedha zako, ukipenda, andika. Lakini yule ambaye nyuma yake amesimama binti, au mwana, au rafiki aliyekuamini, huyo mwache zizini alale.

Juma lijalo tutalitazama neno "mortgage", ambalo kwa asili maana yake ni rehani iliyokufa, tuone ni nani hasa afaye, mkopaji au deni.